Magara: Homa Isiyongoja Mapambazuko

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge ina urefu wa kilomita zipatazo 75, na karibu muda wote haiachani na maji. Mkono wa kulia ni Ziwa Tanganyika. Mkono wa kushoto ni milima inayopanda ghafla kama ukuta hadi kwenye nyanda za baridi za Mugamba. Msafiri hupita Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hupita Kabezi, kisha Gitaza, ambako mwaka 2015 mlima uliporomoka ukabomoa nyumba na kuikata barabara. Na ndipo, akiwa amevuka nusu ya safari, huingia Magara.

Magara ni ukanda mwembamba. Baina ya mlima na ziwa pana nafasi ya barabara, mistari michache ya nyumba, michikichi, migomba na vishamba vya mihogo. Alfajiri mitumbwi hurejea kutoka uvuvi wa usiku ikiwa imebeba dagaa, ambao huku huitwa ndagala, na pengine mukeke, yule samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Wachuuzi huwangojea wavuvi ufukweni na mabeseni yao, na bei hupatanwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili, maana lugha hii ilifika mwambao huu zamani pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, nayo haijaondoka. Siku ya anga safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo, ya buluu, kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Uzuri wa Magara hauna mjadala.

Lakini mahali hubadilika kulingana na mtu anayerejea pale. Na tumfikirie mtoto wa miaka minne ambaye madaktari wamegundua kuwa ana lukemia, yaani saratani ya damu, naye ameanza dawa. Tiba ya aina ya lukemia inayowapata watoto wengi huchukua miaka miwili na zaidi, na hakuna hospitali iwezayo kumlaza mtoto muda wote huo. Sehemu kubwa ya tiba yake ataipitisha nyumbani, baina ya dozi na dozi, katika nyumba ileile aliyozaliwa. Kwa mtoto huyo na kwa mama yake, Magara si ziwa na michikichi tu. Ni maji ya kunywa, ni mchanga, ni mbu, ni wageni wanaokuja kumpa pole. Na zaidi ya yote ni umbali wa kufika hospitali saa nane za usiku.

Maradhi haya hayakuwa na dawa hata kidogo mpaka mwaka 1948, pale Sidney Farber wa Boston, Marekani, alipotangaza kwamba baadhi ya watoto aliowapa dawa iitwayo aminopterini walipata nafuu. Nafuu yenyewe ilikuwa ya miezi michache. Leo, katika nchi zenye hospitali zilizokamilika, watoto wapatao tisa katika kila kumi hupona. Safari hiyo ndefu haikufanywa na dawa za saratani peke yake. Ilifanywa pia na damu ya kuongezewa, na dawa za kuua bakteria, na kwa kujifunza jambo moja ambalo bado halijafika katika nyumba nyingi: mtoto aliye katika tiba anaweza kuondolewa na kijidudu cha kawaida huku saratani yenyewe ikiwa inarudi nyuma.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana upesi. Chembe za saratani huzaliana upesi, lakini vivyo hivyo chembe za uboho, ambako damu hutengenezwa, na chembe za utando wa kinywa na matumbo. Siku chache baada ya dawa chembe nyeupe za damu hushuka. Miongoni mwa hizo mna kundi liitwalo neutrofili, ambalo ndilo askari wa kwanza kufika penye jeraha na kuvimeza viini vya maradhi. Mtu mzima wa afya huwa nazo maelfu kadhaa katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu walizozifanya kwa wagonjwa wa lukemia, wakaonyesha kwamba kadiri neutrofili zinavyopungua ndivyo maambukizo yanavyoongezeka. Chini ya 500 hatari huwa kubwa, na chini ya 100 huwa kubwa mno. Namba hiyo ya 500 ingali inatumika katika wadi za saratani dunia nzima, na mzazi anayo haki ya kumwuliza daktari: damu ya mtoto wangu leo ina ngapi, na je, inatazamiwa kushuka au kupanda wiki hii?

Kuna jambo la pili ambalo huwapotosha hata watu wenye uzoefu wa kulea. Usaha ni mabaki ya neutrofili zilizokufa vitani. Uvimbe, wekundu na usaha ni dalili za kwamba askari wamefika. Mtoto asiye na askari anaweza kuwa na kidonda kisichotunga usaha, nimonia isiyo na kohozi, na ugonjwa wa tumbo usio na dalili za kutisha. Mama humkagua mwili mzima asione kitu. Mara nyingi dalili pekee inayobaki ni joto la mwili. Na mara nyingine, hasa anapotumia dawa za jamii ya prednisoloni, hata joto halipandi, mtoto hulegea tu, akawa baridi mikononi, akakataa kuamka. Hali hiyo pia ni ya kumpeleka hospitali mara moja.

Hapa ndipo Magara inapoingia katika habari hii. Ziwa Tanganyika liko katika kimo cha mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na mwambao wake ni wa joto na unyevu mwaka mzima. Ni nchi ya malaria. Mwezi Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza malaria kuwa janga la nchi nzima, lakini wenyeji wa ufukweni hawakuhitaji tangazo kujua kwamba homa ni jirani yao. Mtoto akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria. Dawa hutafutwa, mtoto hulazwa chini ya chandarua, na watu hungoja kukuche. Kwa watoto wengi desturi hii hufaulu, na ndiyo maana imedumu. Kwa mtoto wa lukemia desturi hiyohiyo huweza kumaliza kila kitu kabla ya jogoo kuwika, kwa sababu bakteria walioingia katika damu isiyo na ulinzi hawahitaji siku mbili. Saa chache huwatosha.

Tofauti hii ya kimo baina ya mwambao na milima imekwisha kuwasaidia wataalamu zamani. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa motokaa kuukuu kwa majuma kumi, zaidi ya kilomita 16,000, akizitembelea hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kati na kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana. Jibu lilichora ramani: unaonekana kwenye joto na mvua, unatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London walivumbua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Saratani ya Burkitt si lukemia, lakini ni ya ukoo mmoja nayo, ikitokana na chembe nyeupe za damu. Nayo iliwafunza madaktari wa sehemu zetu kwamba saratani ya mtoto na viini vya maradhi vya nchi anayokaa haviwezi kutibiwa kama mambo mawili yasiyojuana.

Basi mtoto wa mwambao mwenye homa wakati wa tiba huwa na maswali mawili kwa mpigo. Huenda ni malaria, na lazima apimwe. Huenda ni bakteria, na lazima apewe dawa ya bakteria ya kupitia mshipani bila kungoja majibu. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, jibu hilo halilifuti swali la pili. Hili ndilo kosa ambalo ni rahisi kulifanya kwenye kituo kidogo cha afya chenye foleni ndefu: malaria imeonekana, vidonge vimetolewa, mtoto amerudishwa nyumbani. Si uzembe wa mhudumu. Kwa watoto mia moja waliotangulia alikuwa amefanya sawasawa. Ni kazi ya mzazi kumwambia, kabla hata ya kuketi, kwamba huyu si kama wale mia moja.

Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa namna hii inahitaji kipimajoto kabla ya kuhitaji redio. Kikiwekwa kwapani kikasoma nyuzi 38 kisha kikabaki hapo kwa saa moja, au kikasoma 38.5 hata mara moja tu, safari imeanza. Hospitali huweza kuweka kiwango chake kidogo tofauti, na hicho ndicho cha kufuatwa. Kipimajoto hakiingizwi katika njia ya haja kubwa, kwa kuwa utando wa pale ni laini na umedhoofishwa na dawa. Ukichubuka, bakteria wa matumbo huingia moja kwa moja kwenye damu. Kwa sababu hiyohiyo dawa za kuingizwa nyuma, ambazo watu wengi wa nchi hizi wamezizoea tangu utoto, zimekatazwa. Na kumpiga mtoto bomba kwa dawa za majani ili kumsafisha tumbo ni hatari kubwa zaidi kuliko zote. Parasetamoli haitolewi kabla ya kupima, wala haitolewi ili kuangalia kama homa itashuka: itashuka, na bakteria watabaki. Aspirini na ibuprofeni haziguswi, maana chembe za kugandisha damu nazo huwa zimepungua. Sindano za msuli vilevile, isipokuwa daktari wake ameagiza.

Tukirudi barabarani, mambo huwa magumu. Mchana magari ya abiria hupita Magara kwenda Bujumbura na kwenda Rumonge. Usiku barabara hunyamaza. Mvua kubwa huleta matope na mawe kutoka mlimani. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba na mashamba ya mwambao, Rumonge ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia, na katika mwaka huohuo petroli iliadimika nchini hata mwenye gari akawa si mwenye safari. Pikipiki ni msaada, lakini mwezi Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji wa Bujumbura, kwa hiyo mzazi anayetegemea pikipiki hana budi kujua tangu mapema itamfikisha wapi na kutoka pale ataendeleaje. Mambo haya hayajadiliwi saa nane za usiku huku mtoto akitetemeka. Hujadiliwa siku ya kutoka wadini.

Swali moja hasa lipaswa kuulizwa siku hiyo, nalo ni hili: homa ikimshika Magara, aende kaskazini Bujumbura aliko daktari wake, au kusini Rumonge kwenye hospitali iliyo karibu? Ramani peke yake haitoi jibu. Madaktari wa saratani ya watoto hupenda dozi ya kwanza ya dawa ya bakteria iingie mshipani ndani ya saa moja tangu mtoto kufika mlangoni mwa hospitali. Ikiwa hospitali ya karibu inaweza kuitoa dozi hiyo, haina maana kuipita ili kufuata jina kubwa la mbali. Dozi itolewe hapo, ndipo safari ya pili ifuate. Daktari aandike hayo kwa mkono wake: jina la ugonjwa, dawa ambazo mtoto anapewa, tarehe ya dozi ya mwisho, dawa ya bakteria inayopendekezwa na kiasi chake kwa uzito wa mtoto, na namba ya simu. Karatasi hiyo itiwe katika mfuko wa nailoni na itundikwe mahali ambapo hata shangazi au kaka mkubwa anapajua, kwa sababu homa haichagui siku ambayo mama yupo.

Penye haja ya kusema, maneno machache hutosha: "Mtoto huyu ana saratani ya damu, yuko katika dawa, amepata homa tangu saa mbili, karatasi ya daktari ni hii." Mama wa kijijini aliyelelewa kungoja zamu yake kwa adabu huona haya kuwapita waliotangulia. Kwa jambo hili aione haya baadaye.

Jikoni ni mahali pa matumaini zaidi, kwa sababu huko mama ndiye mwenye amri. Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo mwambao wa Rumonge umekuwa ukikiona mara kwa mara. Maji ya ziwa ni maangavu mno, hata mtu huona mawe chini yake, na uangavu huo umewadanganya wengi. Maji ya mtoto huyu yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima. Kwa kimo cha mwambao huu hiyo yatosha. Yapoe humohumo yalimochemshwa, yahifadhiwe katika dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, yamiminwe bila kuchotwa kwa kikombe. Kuchota ndiko kunakoyaharibu: mkono mmoja mchafu hurudisha ndani yale yote ambayo kuni ziliyaua.

Ndagala wanaokaushwa mchangani huchukua mchanga na kila kilichopita juu yake, kuku wakiwamo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, likishirikiana na wavuvi wa Burundi, lilieneza vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini, na ndagala wa kichanja ni bora kwa kila nyumba. Kwa mtoto wa tiba, wawe wa kichanja au wa mchangani, waoshwe, kisha wapikwe mpaka wachemke barabara, wala asiwatafune wakavu kama wenzake wafanyavyo. Ugali wa muhogo, maharagwe, sombe iliyopikwa kwa mawese, ndizi, yai lililoiva mpaka kiini kikawa kigumu, maziwa yaliyochemshwa: vyote ni vyakula vyake, mradi vinaliwa vikiwa moto siku ileile. Kiporo kimuepuke. Embe na ndizi mbivu asinyimwe. Zioshwe, kisha mtu mwenye mikono safi azimenye.

Hapa inafaa kusema neno juu ya wale wanaowatisha wazazi kwa orodha ndefu za miiko. Kulikuwa na wakati ambapo hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwazuilia wagonjwa hawa matunda yote na mboga zote mbichi. Majaribio yaliyofanywa baadaye, ya kulinganisha wagonjwa wenye miiko hiyo na wasio nayo, hayakuonyesha kwamba miiko mikali ilipunguza maambukizo kuliko usafi wa kawaida wa kuosha na kupika vema. Kwa mtoto wa mwambao jambo hili lina uzito, kwa sababu utapiamlo nao huvunja kinga ya mwili. Mtoto anayenyimwa kila kitu kwa hofu ya viini hukonda, na mkondefu huzistahimili dawa kwa shida. Afadhali sahani iliyojaa na kupikwa vizuri kuliko sahani tupu iliyo takatifu.

Mdomo nao ni mlango. Dawa huleta vidonda vya kinywa, na bakteria waliokuwa wakikaa humo kwa amani hupita katika vidonda hivyo. Mswaki laini, na kusukutua kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo baada ya kila mlo, huonekana jambo dogo. Wauguzi wa wadi za saratani hawalioni hivyo.

Nje ya mlango ufuko unamwita. Kumfungia ndani mtoto wa mvuvi miaka miwili ni adhabu, na haihitajiki siku zote. Siku ambazo daktari amesema damu imepanda, acheze na wenzake. Ila avae viatu. Katika udongo wenye unyevu huishi mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, ambao huingia kwa kutoboa ngozi ya unyayo. Ndani ya mtu mzima wa afya hukaa miaka bila kelele. Ndani ya mtoto anayepewa prednisoloni au deksamethasoni huweza kuzaliana bila kikomo na kutapakaa mwilini, ukiburuta bakteria wa matumbo nyuma yake. Madaktari wa nchi za joto hupenda kupima au kutibu minyoo mapema kwa sababu hiyo, na mzazi akikumbusha hakosi adabu. Kuoga na kuogelea ziwani kuachwe wakati wa tiba. Pana kichocho, na pana kinyesi kilichosombwa kutoka vyoo vya ufukweni maji yanapopanda. Uwanja ufagiliwe baada ya kunyunyizwa maji, mtoto akiwa mbali, maana vumbi hubeba mbegu za kuvu ambazo mapafu yasiyo na ulinzi hayawezi kuzitoa.

Kuna nimonia moja ya hila, ya kiini kiitwacho numosisti, ambayo zamani iliwaua watoto wengi wa lukemia hata saratani yao ikiwa imetulia. Mwaka 1977 Walter Hughes wa hospitali ya St. Jude, Memphis, alionyesha kwamba kotrimoksazoli, ile dawa ya bei ndogo ambayo wengi huijua kwa jina la Bactrim, huizuia. Tangu hapo watoto wa tiba hupewa dawa hiyo siku kadhaa kila juma. Wazazi wengine huiacha kwa kuwa mtoto haonekani kuumwa kifua. Haonekani kuumwa kwa sababu anaimeza.

Wageni ni suala la heshima, kwa hiyo ndilo gumu kuliko minyoo. Katika desturi za mwambao, kwa Waislamu na kwa Wakristo, mgonjwa asiyetembelewa ni mgonjwa aliyetupwa. Bibi hutaka kumpakata, jirani huja na wanawe watano, mmoja anakohoa. Nyumba nyingine zimepata njia ya heshima: ndoo yenye bomba na sabuni huwekwa mlangoni, na baba wa nyumba hunawa wa kwanza mbele ya mgeni, ili pasiwe na anayejiona ametuhumiwa. Wageni huketi barazani kwenye hewa, na mwenye mafua au kikohozi hutuma salamu zake. Kunawa mikono kunazuia mengi.

Surua na tetekuwanga ni habari nyingine kabisa. Kwa mtoto wa tiba maradhi haya mawili huweza kuua, na hayangoji kuguswa, husafiri hewani. Ndugu zake wote wapate chanjo ya surua. Yeye mwenyewe hapewi chanjo za viini hai mpaka daktari wake aseme. Zinapokuja kampeni za nyumba kwa nyumba, kama zile zilizofuata tangazo la mlipuko wa polio nchini Burundi mwezi Machi 2023, mzazi amweleze mchanjaji hali ya mtoto kabla ya matone kutolewa kwa yeyote mle nyumbani, kwa kuwa kiini hai cha matone hutoka kwenye choo cha aliyechanjwa kwa majuma kadhaa. Daktari aulizwe la kufanya. Na endapo mtoto amekaa chumba kimoja na mwenye surua au tetekuwanga, habari ipelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa bado mzima. Mganga wa kukata kimeo na wa chale, hata akiwa mzee wa ukoo, aombwe radhi mpaka tiba iishe.

Tiba yenyewe kwa watu wa ukanda huu imekuwa safari. Kampala ilipata kituo chake mwaka 1967, kilichoanza kwa ajili ya uvimbe wa Burkitt kikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kituo cha saratani kilifunguliwa 2012. Lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda. Dar es Salaam, watoto wa saratani walihamishwa mwaka 2011 kutoka Ocean Road kwenda Muhimbili. Katika sehemu zote hizo madaktari wamejikuta wakishughulikia malazi sawasawa na dawa. Uchunguzi uliofanywa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ukachapishwa 2012, ulionyesha kwamba watoto wa saratani kutoka nyumba maskini, na wa wazazi wasiojua kusoma, walichelewa zaidi kufikishwa hospitali walipopata homa, na walikufa zaidi kwa maambukizo. Bakteria walikuwa walewale. Kilichotofautiana ni saa.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi huwasihi wazazi wa mbali wasirudi nyumbani katika majuma manne hadi sita ya mwanzo, wakati dawa ni kali na damu iko chini kuliko wakati wowote. Chumba cha jamaa cha Buyenzi au cha Kanyosha, mjini Bujumbura, chenye joto na kelele, huwa salama kwa majuma hayo kuliko upepo wa Magara. Ni gharama, na baba mvuvi hawezi kuacha nyavu. Tangu 2006 watoto wa chini ya miaka 5 wamekuwa na haki ya kutibiwa bure katika hospitali za serikali ya Burundi, lakini lukemia ya watoto hushika zaidi baina ya miaka 2 na 5, na tiba yake ni ndefu. Wapo watakaotimiza miaka 5 wakiwa katikati ya dawa. Hesabu ya familia ifanywe kwa kulijua hilo tangu mwanzo, pamoja na nauli ya usiku, ambayo huwekwa kando na haiguswi hata kwa karo ya shule.

Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa ndagala. Taa za wavuvi hutapakaa ziwani toka Gitaza hadi Minago, nyingi kiasi kwamba mgeni hudhani ni mji. Katika usiku huo wanaume wengi wa Magara wako majini, na simu zao zimeachwa nchi kavu ndani ya makopo. Familia iliyo na mtoto wa tiba hupatana mapema na mwenye gari au pikipiki asiyevua, humlipa kitu kidogo cha kumfanya akumbuke, na huhakikisha kwamba anajua nyumba yao ni ipi hata gizani.